Bei ya Beki Mzee

Swali hili halikosekani penye timu: je, ni busara kumpa beki mzee zaidi ya anachostahili, kwa kuwa tu yuko huru na wengine wanamtaka? Huku nyumbani Kakamega vijana hulibishania kwa kinyozi, wakizungumzia vilabu vya Ulaya ambavyo hata havijui kama wao wanaishi. Mimi hunyamaza na kungoja zamu yangu ya kunyolewa. Niliwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyekuwa na cha kutoa, nikalijibu papo hapo, kifua mbele. Wakati huo nilikuwa Doha, mlinzi wa geti, na nahodha wa timu ya hoki.

Najua mtu akisikia hoki ya walinzi Uarabuni hucheka. Cheka basi, tuendelee. Meneja wa shughuli katika kampuni yetu ya ulinzi alikuwa Mpakistani, na kwao mpira wa magongo ni jambo la heshima. Alipogundua kwamba baadhi yetu Wakenya na Waganda tuliucheza shuleni, akatununulia magongo, akatuombea uwanja wa nyasi bandia wa shule moja huko Al Rayyan, akatuingiza kwenye ligi ya makampuni. Tulicheza Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado lina huruma. Kampuni nyingine zilikuwa na Wahindi na Wapakistani waliozaliwa na gongo mkononi. Sisi tulikuwa na mbio na makelele.

Mimi nilicheza kiungo. Nilikuwa mzuri, na sisemi hivyo kwa kujigamba. Lakini nyuma yangu hapakuwa na mtu. Mabeki wetu walikuwa vijana wawili wa Kisumu wenye nguvu za punda na akili za likizo. Mpira ukienda kushoto wote wanaufuata kushoto. Kila Ijumaa tulifungwa mpaka kipa wetu, Mganda mpole aliyekuwa shemasi kanisani kwao, akaanza kutukana.

Sasa nieleze jambo lililokuwa moyoni mwangu, maana bila hilo haya yote ni hadithi ya mpira. Nilikuwa na mke nyumbani na watoto wawili, na wa pili alizaliwa nikiwa tayari Doha. Likizo ilikuwa baada ya kila miaka miwili, kama kampuni iko radhi. Shemeji zangu, kaka za mke wangu, walikuwa wameanza kumwambia kwamba nimeoa huko. Mlinzi gani anaoa Doha, mwenye kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane? Lakini maneno ya kuambiwa kila siku huota mizizi. Mwishowe mke wangu aliniambia kwenye simu, bila hasira, akasema, "Mimi sitaki unieleze tena. Nataka nikuje nione na macho yangu mahali unalala. Nikiona, nitanyamaza. Nisipoona, usiniulize kitu."

Kumleta kulikuwa na njia moja tu. Mlinzi wa kawaida haruhusiwi kumwalika mkewe Qatar, hata kwa matembezi. Kinachotazamwa ni kazi iliyoandikwa kwenye kitambulisho chako cha ukaazi. Kikisema mlinzi, hakuna maneno. Kikisema msimamizi, kampuni inaweza kukuombea ruhusa, na msimamizi alipewa chumba chake katika nyumba ya kampuni kule Muaither. Kampuni yetu ilikuwa imebakiwa na nafasi moja ya msimamizi kwa sisi Waafrika. Nilikuwa na miaka mingi kazini kuliko wote, sijawahi kulala lindoni, na mandubu, yaani yule mtu wa kampuni wa kuzunguka na karatasi katika ofisi za serikali, alikuwa ameniambia nilete cheti cha ndoa. Mke wangu alikipeleka Nairobi kikapigwa mihuri, kisha akanitumia. Nilimpa mandubu kwa mikono miwili. Akaniambia, "Inshallah." Nilikuwa nimekaa Ghuba vya kutosha kujua neno hilo linaweza kubeba chochote, lakini siku hiyo niliamua linamaanisha ndiyo.

Basi Ijumaa moja tukafungwa vibaya sana na timu ya kampuni ya mabasi. Meneja aliniita kwenye gari lake, akaninunulia chai ya karaki, chai nzito ya maziwa na iliki. Kisha akaniambia kuna beki mmoja Mganda, mtu wa makamo, aliyewahi kuchezea timu ya taifa lao. Alikuwa amemaliza mkataba na kampuni ya usafi, na kampuni hiyo, kwa kumwona mzee, ilikubali kumpa ile karatasi ya kumruhusu ahamie mwajiri mwingine. Karatasi hiyo ilikuwa adimu kuliko mvua. Wengi wetu tungemaliza maisha bila kuiona. Kwa hiyo huyu alikuwa huru kweli, na kampuni ya mabasi nayo ilikuwa inamtaka.

"Anataka kikubwa," meneja alisema. "Kikubwa kuliko umri wake. Wewe ni nahodha. Anafaa?"

Nilikuwa nimemwona akicheza mara moja. Nilikuwa na jasho, na uchungu wa kufungwa, na sifa za kuulizwa na bosi ndani ya gari lenye kiyoyozi. Nikamwambia, "Sir, mpe anachotaka."

Alitabasamu, akaandika kitu kwenye simu yake. Nikamaliza chai yangu.

Alichotaka kilikuwa nafasi ya msimamizi. Aliomba hiyo tu, na alikuwa na sababu kama yangu: amekaa nchi ile miaka na miaka, na mkewe alikuwa hajawahi kuiona. Nililijua hilo kutoka kwa mandubu, ambaye alinirudishia cheti changu cha ndoa kikiwa ndani ya bahasha ileile, hata haijafunguliwa. Nilimuuliza meneja kama anajua nafasi ile ilikuwa yangu. Alishangaa kwa dhati. "Lakini nilikuuliza," alisema. Na kweli aliniuliza. Ukitafuta mtu wa kumlaumu hapo, utazunguka mpaka urudi mlangoni kwako.

Chumbani mjadala ulikuwa moto. Mmoja wa wale mabeki wa Kisumu, ambaye sasa angekaa benchi, alisema, "Buda, huyo mzee ako na miaka ya babangu. Mbio hana. Hiyo posti mumetupa kwa choo." Kipa wetu alimjibu kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wengine wakasema ungempa chumba cha peke yake na jina lolote, lakini si nafasi iliyokuwa ya mtu. Kila mmoja alikuwa na hoja. Mimi nililala chali nikitazama dari, iliyokuwa karibu na pua yangu, na nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa amekosea.

Siku ya kwanza ya mazoezi Mzee, ndivyo tulivyomwita, alikuja na gongo lililofungwa utepe kila mahali. Alikuwa na kitambi kidogo na magoti yaliyokunjamana. Alinijia moja kwa moja, akanisalimu kwa mikono miwili kwa heshima za kwao. Hakujua chochote kuhusu cheti changu. "Kapteni," aliniambia, "mimi siwezi kimbia. Wewe ndio utakimbia. Mimi nitakuambia wapi."

Nilitaka kumchukia. Nilijitahidi wiki nzima. Lakini yule mtu alikuwa anaujua mpira unakoenda kabla ya aliyeupiga kujua. Alisimama mahali, akaweka gongo chini, na mpira ukaja wenyewe. Washambuliaji wa Kihindi walimjia kwa madoido yote, yeye akapiga hatua mbili za kando kama mtu anayempisha mama mwenye beseni, na mpira ukabaki naye. Aliongea muda wote, polepole, bila kufoka: "Kapteni kulia. Kapteni ngoja. Sasa nenda, ssebo," yaani bwana kwa lugha ya kwao. Nilikuwa nacheza hoki tangu kidato cha kwanza, na msimu ule ndio nilioelewa nilichokuwa nikifanya. Nilifurahi, na furaha ile ilinichoma, kwa sababu kila ushindi ulikuwa unathibitisha kwamba walimpa haki yake.

Tulichukua kombe. Meneja aliliweka ofisini juu ya kabati la mafaili, na kila mgeni aliambiwa habari zake. Nilipigwa picha nimelishika, nikamtumia mke wangu. Alijibu baada ya siku mbili, akauliza kama kazi ile ya usimamizi imetoka.

Ikabidi nimweleze. Kumweleza mwanamke aliyeko Kakamega kwamba safari yake imechukuliwa na beki wa hoki ni kazi ngumu kuliko kulinda benki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yaani umetafuta uongo wote ukakosa, ukaamua kuniletea huu wa watu wazima kucheza na vijiti?" Hakupandisha sauti. Niliapa. Alisema nisiape, watoto wanasikia.

Mwezi wa pili baada ya kombe, mke wa Mzee akaja kutoka Jinja. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyebeba ndizi za matoke kwenye sanduku akazipitisha uwanja wa ndege sijui kwa dua gani. Mzee alitualika timu nzima Muaither, chumbani kwake, tukala kwa zamu kwa sababu hatukutosha. Mkewe alipika matoke na mchuzi wa karanga, na kipa wetu alikula mpaka akafungua mshipi. Nilimtazama Mzee akimfafanulia mkewe vichekesho vyetu, akimwonyesha jinsi ya kuwasha kiyoyozi, akimwambia asitoke nje mchana. Alionekana kijana. Nilitoka nje nikasimama ukutani kwenye vumbi, na kama kuna siku nilimwonea mtu wivu wa kweli, wivu wa kuuma meno, ni ile.

Mama yule alinifuata na sahani. Mtu alikuwa amekwisha kumwambia habari zangu. Kwenye timu hakuna siri. Aliniomba simu yangu, akasema ampigie mke wangu. Walizungumza muda mrefu, Kiswahili cha Jinja na cha Kakamega vikisaidiana. Nilimsikia akisema, "Ni kweli, mama. Nakuapia ni hoki." Aliporudisha simu, mke wangu alikuwa bado hewani. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Kumbe msimamizi analeta mke. Sasa wewe ni nini huko?"

Nilisema mtandao ni mbaya.

Tangu siku hiyo, hata mama yule aliporudi Jinja, wale wanawake wawili wakawa wanapigiana. Mimi nilipigiwa kidogo. Pesa nilituma, mambo ya karo tukayazungumza, lakini alikoma kuniuliza nimekula nini, na mtu aliyeishi mbali anajua swali hilo likikoma ni nini kimeondoka. Alihamia kwa kaka zake kusaidia katika duka lao, akaniarifu akiwa tayari amekwisha kuhama.

Msimu wa pili, Mzee aliisha. Sipendi kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akili ilibaki vilevile. Bado alijua mpira unakokwenda, ila sasa ulifika kabla yake. Majira ya joto yalikuwa yamemkausha. Kampuni ilikuwa imempangia kuzungukia malindo ya Al Wukair, ambako nyumba mpya zilikuwa zinajengwa na kivuli pekee kilikuwa cha kreni, na hata msimamizi lazima atembee. Vijana wa kampuni ya mabasi waligundua kwamba ukimpitishia mpira upande wa kushoto, hageuki. Wakafanya hivyo kila wiki. Tulimsitiri. Mimi nilishuka kucheza karibu naye, yule kijana wa Kisumu akarudishwa kumfunika, na bado tulifungwa. Alipokosea aliomba radhi kila mmoja wetu, mmoja mmoja, jambo ambalo lilikuwa gumu kuvumilia kuliko kufungwa.

Mkataba wake ulikuwa unafikia mwisho. Meneja akaniita tena, safari hii ofisini, chini ya lile kombe. Aliniuliza kama aongezewe. Alisema anataka neno langu kama mchezaji, hataki kusikia kuhusu huruma.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningejibu tofauti lau ile nafasi isingekuwepo. Ukweli wa hoki ulikuwa upande mmoja na haja yangu, na mambo mawili yakikaa upande mmoja huwezi kujua ni lipi linaloongea. Nilisema, "Miguu imeisha, sir." Akaitikia kwa kichwa, akaniambia na yeye ameona. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama mtoto anayeomba biskuti, kuhusu ile nafasi ya msimamizi. Akanielekeza kwa mandubu.

Mandubu alikuwa anakula. Aliniambia bila ubaya wowote kwamba nafasi kama hiyo huenda na mtu. Mtu akifutwa, nafasi inarudi serikalini, na serikali ilikuwa imeacha kutoa mpya kwa kampuni yetu. Zilizokuja mwaka ule zilikuwa za walinzi tu, na zilikuwa za Wanepali. Nilimuuliza kama haiwezi kuandikwa jina langu kabla Mzee hajafutwa. Alisema ingewezekana kama Mzee angeongezewa mkataba kisha tubadilishane, ombi likachukua miezi yake. "Lakini nimesikia meneja hamtaki tena," alisema, "kwa ajili ya mpira." "Khalas," akasema, yaani imekwisha, akavunja mkate.

Kwa hiyo nilikuwa nimejibu mara mbili, mara ya kwanza ndiyo na mara ya pili hapana, na majibu yote mawili yalikuwa sahihi kwa timu. Wale wanaobishana kwa kinyozi hufikiri bei ya beki mzee hulipwa na mwenye klabu. Meneja hakulipa kitu. Alipata kombe, likabaki juu ya kabati, na mwaka uliofuata alihamia mchezo wa kriketi.

Mzee aliondoka siku ya Jumatano, asubuhi. Nilibadilishana zamu na mwenzangu nikamsaidia mizigo mpaka kwenye gari la kampuni. Alikuwa amevaa koti, joto lile, kwa sababu alitaka kushuka Entebbe akiwa na koti. Nilikuwa nimeogopa asije akaniuliza ni nani aliyesema miguu imeisha. Hakuuliza. Alinishika mkono akanivuta kando ya dereva.

"Kapteni, mimi nimejua zamani ile posti ilikuwa ya wewe," alisema. "Bibi yangu aliniambia. Nilisikia vibaya, lakini nilikuwa nimeshaingia. Sasa jana bosi aliniuliza nataka zawadi gani ya kuenda. Nikamwambia sitaki saa, sitaki nini. Patia kapteni hii posti. Na amekubali, ssebo. Amenipa mkono."

Alikuwa anatabasamu kwa uso mzima. Meneja alikuwa amempa mkono, naye alikuwa akiamini mkono. Ningeweza kumwambia kwamba nafasi ile ilikuwa inaondoka naye. Lakini alikuwa anakwenda kupanda ndege na alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia mbele ya mkewe.

"Asante, Mzee," nilisema.

"Lete mama watoto," alisema. Akaingia garini, akafunga mlango, na gari likaondoka kuelekea barabara kubwa.

Nilirudi lindoni. Nilikuwa nimesimama kwenye geti, nikifungua na kufunga kizuizi, nikipanga jinsi ya kuendelea kuishi bila kusema chochote kwa mtu yeyote. Mchana simu ikalia, na ilikuwa ya nyumbani, na mke wangu hakuwa akinipigia mchana. Mke wa Mzee alikuwa amempigia kumpa habari, kwamba posti imetolewa, kwamba bosi mwenyewe amekubali.

Mke wangu alikuwa analia. Nilikuwa sijamsikia akilia tangu siku ya uwanja wa ndege. Aliniomba msamaha kwa yote aliyoyafikiri, na kwa maneno ya kaka zake, ambao alisema amewaambia wakae kimya kuanzia leo. Alisema ameshawaambia watoto. Aliniuliza nimekula nini. Nyuma yake nilimsikia mdogo, yule niliyemwacha tumboni, akiuliza kama huko kwa baba kuna baridi, na mama yake akamjibu hakuna baridi, kuna jua.

"Uko hapo?" aliniuliza. "Mbona husemi kitu?"

Gari lilikuwa limesimama mbele ya kizuizi, dereva akipiga honi. Nilimwashiria dereva angoje kidogo. Nilimwambia mke wangu nipo.